Mteja Wetu Mpendwa

Dalila alikuwa mtu wa kuongea, kuandika hakukuwa kazi yake, na shida yote ilianzia hapo. Alikuwa na viti mia sita vya plastiki, maturubai kumi na mawili, masufuria ya pilau ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani yake, na kigari kimoja cha mizigo, kirikuu, cha kubebea vyote hivyo. Duka lake la kukodisha lilikuwa Majengo, Mtwara mjini. Kila mwenye harusi, maulidi, unyago au msiba, kuanzia mjini mpaka Nanyamba, alikuwa na namba yake.

Msimu wa korosho ukifika, watu wakishauza, harusi hufumuka kila kijiji kwa mara moja, na simu ya Dalila hailali. Yeye wakati huo yuko juu ya kirikuu anapokea viti, au yuko kwenye shughuli ya mtu anagombana na vijana waliofunga turubai upande upande. Akija kuishika simu jioni anakuta watu arobaini wameuliza, na nusu yao wameshakwenda kwingine.

"Mama, watu hawakukimbii kwa sababu ya viti," binti yake Celia alimwambia. "Wanakukimbia kwa sababu huwajibu."

Celia alikuwa anafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari. Huko ofisini walikuwa wameanza kutumia akili mnemba kujibu wateja, naye aliona jinsi kazi ya siku nzima inavyomalizika kabla chai haijapoa. Jumamosi moja akakaa na mama yake kwenye baraza la duka, akaiunganisha programu hiyo na WhatsApp ya biashara, akaanza kuilisha: bei, idadi ya viti, tarehe zilizojaa, masharti ya kurudisha masufuria yakiwa yameoshwa. Dalila akaipa jina papo hapo. Akaiita Karani.

"Sasa tuifundishe adabu," Celia alisema. "Imwite mtu vipi?"

"Mteja wetu mpendwa," Dalila alisema. Aliwahi kulisikia hilo redioni na likamkaa.

"Na anayelalamika?"

"Aombwe radhi. Hata kama muongo, aombwe."

"Na anayetukana? Maana wapo, mama. Mtu kalewa huko harusini anakuandikia upuuzi."

Dalila hakufikiri hata kidogo. "Huyo ajibiwe kwa upole. Asipojirekebisha, awekwe kando, nisimwone. Mimi na umri huu sina nafasi ya kusoma matusi."

Celia akaandika hivyo hivyo.

Na lazima isemwe, Karani alifanya kazi. Mwalimu wa Naliendele aliuliza habari za turubai saa kumi na moja alfajiri, akajibiwa saa hiyo hiyo. Wenye harusi waliambiwa mapema kwamba tarehe fulani imejaa, wakasogeza siku. Ugomvi wa masufuria machafu ulipungua, kwa sababu Karani alimkumbusha kila mtu siku moja kabla, kwa lugha laini isiyochoka. Jioni Dalila aliletewa muhtasari kwenye simu, anausoma huku anakula, anajua kesho kirikuu inakwenda wapi. Mwezi ule kazi zilizidi mpaka akakodi gari la pili. Alimsifu Karani kwa majirani kama mtu anavyosifia mkwe aliyebahatika kumpata.

Aliyekosekana kwenye muhtasari ule ni Mzee Abdallah wa kijiji cha Ziwani.

Mzee Abdallah alikuwa mtani wake, na utani wa nyumba hizo mbili ulikuwa na mwanzo unaojulikana. Wakati wa vita vya Mreno huko Msumbiji, babu yake Dalila, Armando, alivuka mto Ruvuma na familia yake akatembea mpaka Ziwani. Baba yake Abdallah alimkuta shambani mwake, chini ya mkorosho, anakula mabibo ya watu mdomo umejaa. Akamtukana. Armando, hata kumeza hajameza, akamrudishia tusi kwa Kimakua. Yule hakulielewa tusi lakini alimwelewa mtu, akacheka, akampa mahali pa kujenga. Tangu siku hiyo watoto wa nyumba ile na watoto wa nyumba hii hawajawahi kusalimiana vizuri.

Katika utani wa namna hiyo, tusi ndiyo salamu. Mtani anaingia kwako bila hodi, anakamata kuku wako anaondoka naye, na wewe unamfuata mpaka njiani unamtukana huku unacheka. Ukiumwa anakuja kukucheka kitandani, na ukifa yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuvaa nguo zako na kutembea kama ulivyokuwa ukitembea, ili waliobaki wapate kupumua. Kuombana radhi hakupo. Mtani akianza kukuita kwa heshima na kukuomba msamaha, amekufungia mlango.

Na kulikuwa na kiti. Miaka ya nyuma, kwenye shughuli moja, kiti kimoja cha Dalila kiliwekwa karibu mno na jiko la mkaa, mguu mmoja ukayeyuka ukawa mfupi. Mzee Abdallah ndiye aliyekikalia bila kujua akaanguka nacho mbele ya wakwe. Kuanzia hapo akawa hataki kingine. Kila akiwa na shughuli Dalila humletea kiti hicho mahususi, na mzee hukaa kimeinama upande mmoja mpaka shughuli iishe, akiwaambia wageni kwamba hayo ndiyo mapokezi ya watu waliovuka mto.

Wiki ya tatu ya Karani, Dalila alimwambia Celia, "Yule zee hajanitukana siku nyingi."

"Si msimu huu? Atakuwa shambani anaokota korosho."

Likaonekana neno la kweli. Dalila akasema atampigia kesho. Kesho yake kulikuwa na harusi mbili, kesho kutwa tatu. Kila siku aliipa siku inayofuata kazi hiyo ya kupiga simu, na siku zikawa zinapokezana hivyo.

Alhamisi moja, saa tatu asubuhi, Husna alisimama mlangoni mwa duka. Husna alikuwa binti mkubwa wa Mzee Abdallah, mwanamke wa makamo mwenye mdomo mkali kama wa baba yake. Dalila alipomwona akafurahi.

"Wewe mla maganda ya muhogo, leo mjini umefuata nini? Mbuzi wenu amewafukuza nyumbani?"

Husna hakucheka. Alikuwa amejifunga ushungi mpaka kwenye nyusi. "Shikamoo, mama Celia," alisema.

Dalila alisahau hata kuitikia. Miaka yote Husna hajawahi kumwamkia.

"Tunahitaji viti mia na maturubai mawili," Husna aliendelea, akitazama ukuta. "Baba amefariki alfajiri. Tunazika baada ya alasiri. Nilikwenda kwa watu wawili, vyao vyote vimetoka. Kama na kwako hakuna, utuambie tu."

"Husna!"

"Kama vipo, tutashukuru." Akageuka akaenda kupanda bodaboda iliyokuwa inamngoja.

Dalila alibaki ameshika nguzo ya mlango. Kifo alikielewa, mzee alikuwa mtu mzima. Kilichomchoma ni ile shikamoo. Alimpigia Celia ofisini, Celia akaomba ruhusa akaja mbio, na vijana walipokuwa wanapakia viti, mama na mtoto walikaa mbele kwenye kirikuu. Njia nzima ya Ziwani malori ya korosho yaliwapita yakielekea bandarini, vumbi jekundu likiingia dirishani, na Dalila hakufunga kioo.

"Tafuta humo," alimwambia Celia. "Huyu mtu hawezi kuniandikia kitu nisikione."

Celia alitafuta. Kulikuwa na sehemu Karani alikoweka watu wa kuwekwa kando. Walevi wawili walikuwemo, na kijana mmoja aliyetukana kwa sababu ya turubai lililovuja. Chini yao alikuwepo Mzee Abdallah, ambaye siku zote huandika kwa herufi kubwa tupu.

"Soma," Dalila alisema, huku anaendesha.

Celia akasoma. "Nyie mliovuka mto mmeshika mkia wa kiboko. Nina maulidi Ijumaa. Leta viti vyako vyenye kunguni. Na kile kibovu changu usisahau."

"Karani kasemaje?"

"Kasema, mteja wetu mpendwa, tunasikitika kusikia kwamba hukuridhishwa na hali ya viti vyetu. Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Kiti chenye kasoro kimeondolewa kwenye huduma." Celia akaishusha simu. "Mama, kile kiti mimi ndiye niliyekitoa. Kiliandikwa kwenye orodha ya malalamiko, bila jina la mtu. Nikakitupa nyuma ya stoo."

"Endelea."

"Mzee kajibu: Kimeondolewa na nani? Nani kakufundisha kuongea kama barua ya mkuu wa shule? Una wazimu. Karani akasema, tunaelewa hisia zako, tutafurahi kukuhudumia mazungumzo yatakapokuwa ya staha. Baada ya hapo hakumjibu tena."

"Yeye hakuandika tena?"

"Kaandika."

Celia alisoma yaliyobaki kwa sauti inayopungua. Dalila, watu wamekalia mikeka kwa ajili yako. Dalila, nimelazwa, miguu imevimba kama ya bibi yako, njoo unicheke. Nimerudi nyumbani, daktari kasema nisile chumvi, njoo na chumvi. Halafu siku nne kimya. Halafu ujumbe wa mwisho, wa Jumatatu ya wiki ile.

"Bi Dalila. Kama nilikuudhi, naomba unisamehe."

Dalila alisimamisha gari pembeni, chini ya mikorosho ya watu. Alilia waziwazi, kwa sauti, mikono ikiwa kwenye usukani. Mtu aliyekuwa hajawahi kumwita kwa heshima tangu azaliwe alikuwa amekufa akidhani amemkosea. Na aliyeagiza matusi yawekwe kando hakuwa mashine. Alikuwa ni yeye, barazani kwake, bila hata kufikiri.

Alipomaliza kulia aliwasha gari, akaligeuza.

"Tunakwenda wapi?" Celia aliuliza.

"Kuchukua kiti."

Walifika Ziwani adhuhuri imepita. Gari la pili lilikuwa limetangulia, turubai moja limeshafungwa. Wanaume walikuwa wamekaa uani wakingoja mwili uoshwe, wanawake wamejaa barazani na ndani. Dalila alipita katikati ya watu anaowajua wote. Wakampisha njia vizuri, wakampa pole kwa sauti ya chini. Hakuna aliyemtania.

Mwanaisha, mjane, alikuwa amekaa ndani kwenye mkeka, mgongo ukutani, kaniki mwilini. Aliinua macho.

"Karibu," alisema. "Karibu, mteja wetu mpendwa."

Wanawake waliokuwa karibu wakatazama chini. Ilionekana wazi kwamba maneno hayo yalikuwa yamesomwa katika nyumba ile mara nyingi, mpaka kila mtu akayajua kwa moyo.

Celia alipiga magoti. "Bibi, yule aliyekuwa anajibu hakuwa mama. Ilikuwa mashine tu, tuliiweka..."

"Mashine ya nani?" Mwanaisha aliuliza.

Celia akamgeukia mama yake.

"Ya kwangu," Dalila alisema. "Mimi ndiye niliyeiambia wanaonitukana iwaondoe. Sikumkumbuka mumeo. Katika watu wote nisiotaka waondolewe, sikumkumbuka."

Mwanaisha akajifunika kaniki vizuri, akarudisha macho kwenye mkeka. Dalila aliona kwamba maelezo yake, hata yangekuwa ya kweli namna gani, ni maelezo ya mfanyabiashara kwa mteja. Kama utani umekufa, atasimama pale mgeni kati ya wageni, atasubiri viti vyake vikusanywe, ataondoka. Nyumba iliyompa babu yake mahali pa kujenga itakuwa imemfungia mlango, na hakuna wa kulaumiwa ila yeye.

Akanyanyuka. Kofia ya Mzee Abdallah, ile ya kila siku iliyokuwa imegeuka rangi kwa jasho, ilikuwa kwenye msumari karibu na mlango, na bakora yake imeegeshwa chini yake. Hakuomba ruhusa. Aliivaa kofia, akaichukua bakora, akatoka mpaka kwenye kirikuu, akakishusha kile kiti. Akakiweka katikati ya uwanja, kati ya baraza la wanawake na turubai la wanaume, akakikalia. Kiti kikainama kama kilivyozoea. Naye akainama nacho, shingo imepinda, bakora katikati ya magoti, akakohoa kikohozi kile kirefu cha mzee ambacho kilikuwa kinaanza kama pikipiki isiyotaka kuwaka.

Shehe aligeuka, akaanza kuitazama mikorosho.

Dalila alitoa simu, akaisogeza mbali na uso kama mzee alivyokuwa akifanya, akasoma kwa sauti ya mzee, nzito na ya kukoroma: "Nyie mliovuka mto mmeshika mkia wa kiboko! Leta viti vyako vyenye kunguni!"

Halafu akakaa wima, akabana midomo, akajibu kwa sauti nyembamba ya ofisini: "Mteja wetu mpendwa, tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza."

Mzee mmoja chini ya turubai alipaliwa. Mwingine akajifunika uso kwa kanzu.

"Una wazimu! Nani kakufundisha kuongea kama barua ya mkuu wa shule?"

"Mteja wetu mpendwa, tunaelewa hisia zako."

Hapo kicheko kilitoka, kwanza kwa wanaume, kikavuka mpaka barazani. Husna alikuwa ameegemea mlango, mabega yanatikisika, na machozi yanamtoka. Dalila aliendelea. Lakini sasa alimweka Karani pembeni, akawa anamjibu mzee mwenyewe kwa mdomo wake, majibu aliyopaswa kuyatoa mwezi mzima. Miguu ya bibi yangu ilivimba kwa kubeba muhogo wenu, zee usiye na shukrani. Chumvi sikuletei, kaombe kwa mbuzi unayelala naye. Watu wakacheka, wakapiga makofi, wengine wakalia kabisa.

Alipofika kwenye ujumbe wa mwisho akaishusha simu.

"Hii siisomi," alisema, kwa sauti yake mwenyewe.

"Soma," ilisema sauti ya Mwanaisha. Alikuwa ameletwa mpaka mlangoni, ameshikwa mikono huku na huku.

Dalila akasoma. "Bi Dalila. Kama nilikuudhi, naomba unisamehe."

Dalila aliitazama ile simu.

"Sikusamehi," alisema. "Unasikia, zee? Sikusamehi hata kidogo. Hukunikosea kitu, na mtani haombi msamaha. Mimi ndiye niliyekukosea, na mimi nami siombi. Rudi unitukane."

Alikaa pale kwenye kiti kilichoinama, kofia imemshukia machoni.

"Vua kofia ya mume wangu," Mwanaisha alisema kutoka mlangoni. Alikuwa analia na anacheka kwa pamoja, na sauti yake ilikuwa imepata nguvu. "Vua, wewe uliyevuka mto umeshika mkia wa kiboko! Na kunguni wako uondoke nao!"

"Siivui," Dalila alisema. "Njoo uivue."

Mzee Abdallah alizikwa baada ya alasiri, kama ilivyopangwa. Dalila alipika na wanawake, akaosha masufuria yake mwenyewe, jambo ambalo lilitaniwa mpaka jioni. Aliporudi mjini hakumfukuza Karani. Harusi zilikuwa bado nyingi, na Karani hakuwa na kosa la kwake. Alimwambia Celia aandike namba zote za Ziwani ambazo Karani asiziguse kamwe, na Celia akaziandika moja moja, mama yake akizitaja kwa kichwa.

Siku ya nne simu ililia barazani. Dalila alitazama akashtuka, kwa sababu jina lililotokea lilikuwa Mzee Abdallah. Ilimchukua muda kukumbuka kwamba simu ya marehemu sasa iko kwa mjane wake.

"Viti vyako vinanuka," Mwanaisha alikuwa ameandika. "Njoo uvichukue. Kile kibovu hukipati, nimekikalia."

Dalila alivaa miwani. Akaanza kujibu mwenyewe, kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine. Lilikuwa tusi refu, likamchukua robo saa, na wateja wawili waliokuwa wanamngoja barazani wakaambiwa wakae kwanza.